Daktari wa Kutusikiliza Hapatikani kwa Siri



Kwa miaka kadhaa Mhariri wa kitabu hiki amekuwa akinipa kurasa mbili tatu niandike juu ya Kiswahili cha watoto wetu, nami kila mwaka nimelalamika kwa kiasi changu. Safari hii nilimwomba nafasi ile ile niizungumzie habari nyingine. Aliponiuliza ni habari gani, na nikamtajia, alinyamaza kwenye simu hata nikadhani imekatika. Nashukuru kwamba hatimaye alikubali. Lakini kunyamaza kule ndiko hasa kulikonifanya nishike kalamu.

Habari yenyewe ni saratani ya titi, na jinsi mwanamke mweusi katika nchi hii anavyompata, au anavyomkosa, daktari wa kumsikiliza. Nimeandika titi kwa sababu ndilo jina lake. Sisi tumezoea kusema "kifua".

Fungueni ukurasa wa marehemu katika kitabu chetu cha mwaka 2018. Mtaikuta taazia ya dada yangu mkubwa, mistari minne, na katika mstari wa pili mtasoma: "aliugua kifua kwa muda mfupi." Maneno hayo niliyaandika mimi. Hakuugua kifua, wala muda haukuwa mfupi. Aliugua saratani ya titi kwa miaka miwili na miezi kadhaa, nami nilikuwa naye. Niliandika vile kwa kuwa ndivyo tuandikavyo, na kwa kuwa shemeji aliniomba, maana binti yao alikuwa na posa. Niliona nimemstiri dada yangu.

Mwaka 2021 binti wa kaka yetu, aliyeko Houston, mwenye miaka 38 na watoto wawili, aligusa kivimbe katika titi la kulia alipokuwa akijipaka mafuta. Akaenda kwa daktari wake wa kawaida. Daktari akamwuliza, kama waulizavyo wote, kama katika ukoo wao yuko aliyepata saratani ya titi. Akajibu hapana. Wala hakusema uongo. Alijua shangazi yake amekufa kwa kifua, na kwa neno hilo alielewa kama muelewavyo nyote, kukohoa na kubanwa na pumzi. Basi daktari akamwambia kwamba yeye bado mdogo, hana historia ya ugonjwa huo kwao, na kwa kuwa ndiyo kwanza amemwachisha mtoto ziwa, huenda ni mfereji wa maziwa umeziba. Akae aangalie, kisipopungua arudi. Akakaa akaangalia miezi minne.

Simtui daktari yule mzigo wake. Wengi wa wanaopata saratani ya titi hawana jamaa aliyewahi kuipata, na kivimbe kipya hupigwa picha, awe mwenye nacho ana miaka 30 au 70. Ilimpasa ampeleke. Hata hivyo, jibu alilojibu mtoto wetu tulimpa sisi, na daktari alilipata kama mto wa kulalia.

Mjomba mmoja ninayemheshimu sana aliniambia nilipomsimulia, "Hayo ya weusi na weupe ni ya Wamarekani, sisi yasituhusu." Najua anakotoka. Kwetu tulijihesabu kwa mji na kwa mtaa. Huyu Mdigo, huyu Mbondei, huyu babu yake alishuka kwa jahazi kutoka Hadhramaut. Lakini pale mapokezi hospitalini hakuna aulizaye jahazi la babu yako. Pana fomu, na katika fomu pana visanduku, na kabla hujatia alama mtu amekwisha kukutazama.

Na yatazameni mahesabu. Kwa mujibu wa Chama cha Saratani cha Marekani, wanawake weusi hupatwa na saratani ya titi kidogo kuliko weupe, lakini hufa kwa ugonjwa huo karibu asilimia 40 zaidi. Wanaugua wachache, wanakufa wengi. Sehemu moja ya sababu ni aina ya ugonjwa. Iko saratani iitwayo hasi-tatu, ambayo chembe zake hazina vipokezi vya homoni mbili wala ile protini iitwayo HER2, na kwa hiyo vidonge vya kuzuia homoni haviifai kitu. Aina hii huwapata wanawake weusi kiasi cha mara mbili ya weupe. Lakini hiyo si sababu yote, kwa kuwa tofauti ya vifo ipo hata katika zile aina ambazo dawa zake zinajulikana vizuri. Hapo ndipo inapoingia habari ya bima, na ya kucheleweshwa, na ya kutosikilizwa. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia ambamo kiasi cha nusu ya wanafunzi weupe wa udaktari na madaktari walio mafunzoni waliamini walau jambo moja la uongo juu ya mwili wa mtu mweusi, kwa mfano kwamba ngozi yetu ni nene kuliko yao. Nimefundisha miaka 31, na najua mwanafunzi aliyekariri kosa hulichukua mpaka uzeeni.

Baada ya ile miezi minne, kinyama kilikatwa kikapimwa, na ikawa ni hasi-tatu, hatua ya pili. Kaka alinipigia simu usiku, nikapanda ndege kutoka Columbus.

Daktari bingwa wa kwanza aliyempokea alikuwa mtu msafi, mwenye sifa nyingi ukutani. Alisema na mume wa binti yetu. Binti yetu ana shahada ya uhasibu na Kiingereza chake ni cha hapa hapa, lakini kwa kuliona jina lake waliweka juu ya meza simu ya mkalimani. Mimi niliyehitaji mkalimani hakuna aliyeniuliza. (Jueni kwamba hospitali inayopokea fedha za serikali kuu yapaswa kumpatia mkalimani mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri, tena bure. Acheni kuwabebesha wajukuu kazi ya kumtafsiria bibi habari za tumbo lake.) Binti alipouliza kama ataweza kuzaa tena baada ya dawa, aliambiwa, "Hayo tutayaona mbele." Sasa hilo ni swali la kuulizwa kabla ya dawa kuanza, maana yako mambo ya kufanywa kabla, kama kuhifadhi mayai, na dawa zikishaingia huwa umechelewa.

Wakaanza kumpa paclitaxel kila wiki. Kufika dripu ya tano vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, na vya mikono vilishindwa kumfunga mtoto vifungo vya shati. Akamweleza daktari. Akajibiwa kwamba ni kawaida, avumilie.

Na sisi tukavumilia! Hapa naomba mniwie radhi, kwa kuwa nasema juu yangu pia. Chuoni tulifundishwa kutomkatiza mwalimu. Sekondari tulifundishwa hivyo hivyo kwa lugha nyingine. Na mimi nilipokuwa mwalimu nilimsifu mtoto mkimya nikamwandikia "mwenye adabu". Dada yangu alikuwa mwenye adabu. Pale Columbus alimwambia daktari wake kwamba mgongo unamwuma usiku, akaambiwa ni umri, naye akasema ahsante. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili, mkoba mapajani. Ulikuwa ni ugonjwa umeshaingia mifupani. Nami nilisema ahsante.

Kwa hiyo safari hii nikasema abadilishe daktari. Ukoo mzima ukaniinukia. Mkimkasirisha atamtupa. Mtaonekana wajeuri. Dawa ziko katikati, hamuwezi. Niliwajibu kwamba daktari si mume, na hata mume huachika. Dawa zikiwa katikati mgonjwa anaweza kuhamia kwingine na daftari lake la matibabu likahamishwa. Sheria ya mwaka 1996 inampa haki ya kupata nakala za kumbukumbu zake zote. Maoni ya daktari wa pili ni jambo ambalo madaktari wenyewe wamelizoea, na bima nyingi hulilipia. Kwa wazee wenzangu wenye Medicare, hiyo husaidia kulipia maoni ya pili kabla ya upasuaji usio wa dharura, na ya tatu pia kama wawili wa kwanza wamehitilafiana. Mnayo nchini humu vituo vya saratani zaidi ya 70 vilivyotambuliwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani. Mtu anaweza kwenda huko mara moja tu kuulizia, kisha akatibiwa karibu na kwake.

Binti yetu alitaka mwanamke mweusi kama yeye, na simlaumu. Lakini katika kila mabingwa mia wa saratani nchini humu, weusi ni kama watatu tu, na nafasi ya karibu tuliyoipata ilikuwa baada ya wiki tisa. Saratani haikai foleni.

Aliyetuokoa ni msusi. Nywele zilipoanza kutoka, binti alikwenda saluni kunyolewa, kwa mwanamke wa Kimarekani mweusi aliyekuwa akimsuka siku zote. Msusi akamwuliza bila kuona haya, "Anakutibu nani?" Maana wateja wake wa namna hii si mmoja. Anajua nani ametoka kwa daktari gani analia, na nani ametoka amenyooka. Akampa majina mawili yaliyoandikwa nyuma ya risiti.

Tulikwenda kwa la kwanza baada ya siku nane. Alikuwa Mzungu mrefu wa makamo, mwenye kusema kwa kasi, na mimi moyo wangu ulishuka nilipomwona. Akavuta kiti akakaa, magoti yake mbele ya magoti ya mgonjwa. Akachora titi kwenye karatasi, akachora kivimbe na tezi za kwapani. Alipomaliza hakuuliza, "Umeelewa?" Kila mwalimu anajua swali hilo halina faida; darasa zima hujibu "Ndiyo!" na hakuna aliyeelewa. Yeye alisema, "Hebu nieleze wewe, kama utakavyomweleza mama yako jioni." Binti akaeleza, akakosea mahali, akasahihishwa, akaeleza tena. Mimi mwalimu mzima nilitamani nipige makofi.

Kisha akauliza habari ya ukoo. Binti akaanza kusema hapana, nikamkatiza. Nikasema kwa Kiingereza changu kibovu kwamba dada yangu, shangazi yake wa damu, amekufa kwa saratani ya titi mwaka 2018, na iligunduliwa akiwa na miaka 57.

Binti alinigeukia. "Shangazi, si mlisema kifua?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sinalo. Daktari aliweka kalamu chini, akatuacha tukae kimya kiasi, kisha akasema kwa upole kwamba atataka kuipima damu kutafuta kasoro ya kurithi. Majibu yalirudi kwamba anayo, ile iitwayo BRCA1. Watu wengi kwetu hudhani kitu kama hiki hutoka kwa mama peke yake. Si kweli. Mwanamume huibeba kimya na kumpa binti yake, na kila mtoto wa mwenye nayo, wa kiume au wa kike, ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Huyu aliipata kwa kaka yetu. Kaka amepimwa, anayo. Mimi nimepimwa, sina. Wengine wa damu yetu mnajijua, na bado hamjaenda.

Juu ya ganzi, daktari yule hakusema avumilie. Alimwambia avue soksi, akavigusa vidole kimoja kimoja, akapunguza kipimo cha dawa. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliowaandikisha wanawake weusi peke yao, kwa kuwa ilikwishajulikana kwamba dawa za jamii hiyo huwaharibia mishipa ya fahamu zaidi kuliko weupe, na ikaonekana kwamba docetaxel, iliyo ndugu yake, huleta ganzi kidogo kuliko paclitaxel ya kila wiki. Basi ile "kawaida" aliyoambiwa binti yetu kwa daktari wa kwanza ilikuwa ni kitu cha kutazamwa. Kadhalika alipofika kwenye mionzi, muuguzi mmoja alikuwa akitafuta wekundu kwenye ngozi yake na asiuone, akaandika kwamba hajaungua. Ngozi yetu haiwi nyekundu, huzidi weusi. Safari hii binti alijua kusema, akasema, akapewa marhamu.

Sasa sikieni lililonikera kuliko yote. Mwaka 2023 tulikuwa Houston arusini. Jikoni, tukichambua mchele wa pilau, jamaa yetu mmoja, simtaji, alininong'oneza kwamba naye alitibiwa ugonjwa ule mwaka 2016. Nikamwuliza alitibiwa na nani. Akamtaja Mzungu yule yule mrefu! Miaka mitano jina la daktari mwema lilikuwa ndani ya ukoo wetu, mwendo wa dakika kumi kwa gari kutoka nyumbani kwa binti yetu, na akalipata kwa msusi. Simlaumu jamaa yetu huyo. Aliogopa jicho, aliogopa maneno, aliogopa watu watamhurumia kwenye kila shughuli. Lakini sikulala usiku ule.

Watasema wengine kwamba kumpata daktari mwema ni bahati. Daktari Harold Freeman, mpasuaji mweusi wa Harlem Hospital kule New York, hakukubali kuiita bahati. Katika wanawake wa Harlem waliotibiwa pale kwa saratani ya titi hadi mwaka 1986, wengi wao weusi na maskini, ni asilimia 39 tu waliokuwa hai baada ya miaka mitano. Wakaanza kuwapiga picha bure, na mwaka 1990 akaanzisha utaratibu wa kumpa kila mgonjwa mtu wa kumshika mkono, aliye mwenyeji wa mtaa, wa kumfuata kwenye miadi, kumsaidia fomu na kumwulizia daktari maswali. Katika kundi lililotibiwa kati ya 1995 na 2000 waliofikisha miaka mitano walikuwa asilimia 70. Kazi hiyo imeenea nchi nzima, na hospitali nyingi za saratani zinao waongozaji wa namna hiyo. Mtu aulize tu pale mapokezi, na asiogope. Na mimi naona kwetu watu hao tunao tayari. Ni mashangazi na mama wadogo. Ila tumewafunga midomo.

Sisemi mgonjwa atangazwe. Akiwa hai siri ni yake, na anayetaka kuificha kwa majirani aifiche. Kwa daktari na kwa watu wa damu yake haifichwi, kwa sababu si yake peke yake. Na habari ya posa, nawauliza wenye watoto wa kiume: mnamtaka mkwe ambaye hajui kilichomwua mama yake?

Ninaloomba ni mambo mawili. Katika kila mji palipo na kundi letu, akina mama wamchague mmoja, mtu mzima asiye na maneno mengi, ashike daftari la madaktari waliotusikiliza na wasiotusikiliza, majina ya madaktari tu bila majina ya wagonjwa. La Columbus ninalo mimi. Hadi sasa lina madaktari sita, wawili nimewatilia mkasi. La pili ni kwa Mhariri: ukurasa wa marehemu uandike ugonjwa kwa jina lake, wenyewe wakiridhia. Na wasichana wetu wasingoje miaka 40 iliyowekwa mwaka 2024 ya kuanza kupigwa picha za matiti. Hiyo ni kwa asiye na dalili na asiye na hatari kubwa. Wataalamu wa picha na mionzi walisema mwaka 2023 kwamba mwanamke, hasa mweusi, apimiwe hatari yake kufikia umri wa miaka 25. Na jambo la kwanza atakaloulizwa siku hiyo ni habari za shangazi zake.

Binti yetu alimaliza dawa mwaka 2022 na yu mzima. Vidole viwili vya mguu wa kushoto bado vina ganzi.

Kuhusu kitabu cha 2018, ukurasa wa marehemu, mstari wa pili, naomba wenye nakala wafute kwa kalamu na kuandika hivi: "Alifariki Machi 2018 kwa saratani ya titi la kushoto, baada ya kuugua miaka miwili na miezi mitatu." Shemeji nimemwuliza, amekubali.